Kadi Thelathini na Sita

Jumatatu, 23 Septemba

Msimu wa kurudisha bidhaa umeanza mapema mwaka huu. Ghala letu la Louisville hupokea vitu ambavyo wateja wamevinunua, wakavichoka, wakavirudisha. Kazi yetu ni kuvikagua na kuvipa daraja. A ni kama kipya. B kimetumika lakini ni kizima. C kina kasoro ndogo. D ni cha kuharibiwa. Mkaguzi wa kwanza hutoa daraja. Mkaguzi wa pili huthibitisha na kubandika lebo yenye namba yake. Mimi ni mkaguzi wa pili, namba 14. Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na tisa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, nikasahihisha insha zisizo na idadi chini ya turubai. Sidhani kama kuna kazi nyingine Marekani inayonifaa kuliko hii.

Leo imeingia bidhaa mpya: seti ya kadi na kitabu chake, inayojiita ya hekima ya Waselti. Waselti, kwa mujibu wa maelezo ya nyuma ya sanduku, ni watu wa kale wa Ulaya waliosikiliza miti. Kila kadi ina mti wake. Mtu anachanganya kadi, anavuta moja, kisha anasoma kitabuni mti huo unamwambia nini kuhusu kesho yake. Kwa neno moja, ramli.

Nabintu, mkaguzi wa kwanza katika meza yetu, ameliona sanduku akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwalimu, ile sishike."

"Kwa nini?"

"Ni kitu ya bulozi. Angalia ile macho ku mfuniko."

"Hayo si macho, Mama. Ni majani."

"Majani yenye kuangalia mutu," akasema, akalisukuma sanduku kwa kiwiko mpaka upande wangu.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeikagua seti moja kwa utaratibu ili niwe na kipimo cha zile zitakazofuata.

Sanduku: kadibodi ngumu, mfuniko wenye sumaku. Pembe zinabonyea upesi. Harufu ya gundi ni kali. Kitambaa cha kufungia kadi: kimekatwa bila kupindwa, nyuzi zinatoka. Kitabu: kurasa mia moja ishirini na nane, karatasi nyepesi, ukikifungua kwa nguvu katikati, mgongo unapasuka. Kadi: thelathini na sita, zenye ukingo wa rangi ya dhahabu inayobaki vidoleni. Wanaouza kitu hiki kwa bei waliyoiandika wana ujasiri.

Orodha ya ukaguzi, sharti la nne: hakikisha kadi zote zimo. Nimebuni namna ya kuzihesabu. Ninazilaza kifudifudi, migongo juu, mafungu sita ya kadi sita. Migongo yote ni ya kijani na inafanana, kwa hiyo jicho halipotezi muda kwenye picha. Tena mimi ni mzee wa kanisa. Sioni haja ya kuziangalia picha hizo.

Dakika moja na nusu kwa seti. Ruberwa, msimamizi wetu, amenipongeza mbele ya shifti nzima.

Jumatatu, 30 Septemba

Kila kitu kinachorudi kina karatasi ya sababu. Leo seti saba, na nne kati ya hizo wateja wameandika kwamba kadi hazijakamilika. Nimehesabu zote nne. Thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na sita.

Watu wamesoma shule za bure miaka kumi na miwili na hawawezi kuhesabu mpaka arobaini. Daraja A.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Seti kumi na moja. Kiyoyozi cha ghala bado kinafanya kazi kana kwamba ni Julai.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimegundua mchezo wa Nabintu. Masanduku ya kadi yanayopita kwake yananifikia yote yakiwa na D, na sababu aliyoandika ni "imeharibika". Nimeyageuza moja baada ya jingine. Utepe unaobandikwa mapokezini haujakatwa. Hajayafungua hata kidogo.

Nilimwita kando, karibu na mashine ya maji, kwa sababu mtu mzima hasahihishwi mbele za watu.

"Mama Nabintu, umeandika kwamba vitu hivi vimeharibika. Umejuaje bila kufungua?"

"Nilijua."

"Kwa njia gani?"

"Mwalimu, unafunguaka nyoka juu ya kujua kama iko na meno?"

"Hii si nyoka. Ni karatasi."

"Bon, ni karatasi. Basi wewe fungua, mi niko naimba." Akarudi mezani, na kweli akaimba.

Nimefungua zote tisa na kuzihesabu kwa njia yangu. Thelathini na sita kila moja. Nimefuta D zake na kuandika A. Mwanamke huyu ametoka Walungu, ni mjane, ana watoto watatu katika apatimenti ya Highview, na hana sababu ya kucheza na kazi. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Mvivu ningemwelewa. Yeye anafungua viatu, redio, sufuria, kwa uangalifu kuliko wote, halafu likija sanduku la kadi anaandika uongo kwa mwandiko mkubwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nimezungumza na Elisabeth, binti yangu, aliyeko Lackawanna, jirani na Buffalo. Analea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilimweleza habari ya kadi.

"Baba, Jumapili iliyopita ni kadi, leo ni kadi. Hutaki kuniuliza kama nimekula?"

"Umekula?"

"Sijala."

"Basi kula, nikumalizie habari ya Nabintu."

Alicheka. Sikuwa nimefanya mzaha.

Jumanne, 22 Oktoba

Seti kumi na tatu leo, D kumi na tatu, tepe kumi na tatu nzima. Nimemwonya mara tatu. Leo nimeandika ripoti: ukurasa mmoja, tarehe zote, idadi yote, bila neno la ziada. Nimempelekea Ruberwa.

Ruberwa ni kijana wa Minembwe mwenye kichwa kizuri, lakini anataka kila mtu ampende. Aliisoma amesimama.

"Mwalimu, hii ikifika kwa wakubwa Columbus hawatamwita kumwuliza. Wataangalia namba tu."

"Namba ni za kweli."

"Najua ni za kweli. Huwezi kungoja hadi Januari? Msimu upite?"

"Kosa lina tarehe ya Oktoba. Januari litakuwa limegeuka kuwa nini?"

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Nilimwambia ripoti haikunjwi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo Wamarekani husherehekea kwa kuvaa vinyago, na Ruberwa amekuja kazini amevaa masikio ya paka. Seti tisa.

Jumanne, 5 Novemba

Wateja watano leo, sababu ileile: hazijakamilika. Mmoja ameandika kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Nimehesabu mara mbili kwa ajili ya alama hizo. Thelathini na sita. Mashabiki wa ramli ni watu wa kulalamika.

Ijumaa, 15 Novemba

Columbus wamejibu. Makao ya ubora yako huko. Wao ndio huangalia hesabu za maghala yote matatu, la kwetu, la kwao na la Buffalo. Wameona seti themanini na nane zilizoandikwa D na Nabintu na kurudishwa A na mimi. Nabintu amesimamishwa kuanzia leo. Kikao chake ni Alhamisi, tarehe 5 Desemba.

Ruberwa alimwambia katika chumba cha kulia, na nikaona kwamba alitaka mimi niwepo. Nabintu alivua fulana ya kazi, akaikunja vizuri pande nne kana kwamba anairudisha dukani.

"Mkataba ya nyumba inaisha mwezi wa kumi na mbili," akamwambia Ruberwa. "Ile ofisi ya apatimenti inataka barua ya kazi. Sasa nitawapa barua gani?"

Nabintu akanigeukia.

"Mwalimu, sikukasirikie. Uliona kitu ukaandika. Lakini mi niliwaambia tangu siku ya kwanza, mbele ya batu bote: sishike. Sikujificha."

"Uliandika kwamba vimeharibika, Mama. Hukuandika kwamba umekataa."

"Ku ile mashine hakuna mahali ya kuandika nimekataa. Iko A, iko B, iko C, iko D. Mi nilitafuta."

Ni kweli. Skana haina nafasi hiyo. Lakini hilo haligeuzi uongo kuwa ukweli, na nilimwambia hivyo. Alisema, "Asante, Mwalimu," akaenda kusubiri basi.

Jumapili, 17 Novemba

Nabintu alikuwa kanisani pamoja na watoto. Alinisalimu kwa heshima zote, mikono miwili. Ningependelea asingenisalimu.

Alhamisi, 21 Novemba

Hatujaletewa mkaguzi wa kwanza mwingine. Ninafanya kazi za watu wawili. Viatu alivyokuwa akivipitisha Nabintu havikuwahi kunirudia na tatizo. Hivi ninavyovipitisha mimi, leo jozi mbili zilikuwa na mguu wa kushoto na wa kushoto.

Jumatano, 27 Novemba

Safarini kwenda Buffalo kwa basi, kusherehekea sikukuu ya shukrani na Elisabeth. Louisville, Cincinnati, Columbus, Cleveland. Dereva anatangaza vituo kwa sauti isiyosikika. Joto la basi limewekwa kwa ajili ya kuoka mikate.

Alhamisi, 28 Novemba

Lackawanna. Ninaandika haya jioni, mezani kwa Elisabeth, na nitayaandika kwa mpangilio hata kama mkono hautaki.

Elisabeth alikuwa na zamu ya asubuhi, akaniomba nimsindikize, kwa kuwa siku ya sikukuu wazee wasiotembelewa hufurahi kuona uso mpya. Sebuleni palikuwa na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, jina lake Nora. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa. Mbele yake, juu ya meza ya kulia chakula, kulikuwa na kadi zile.

Nilizijua kwa migongo yake.

"Elisabeth, hizi zimefikaje hapa?"

"Nimezinunua mimi. Bi Nora nyanyake alitoka Ayalandi, kwenye nchi ya Waselti hao, anapenda habari za huko. Uliponieleza habari za kadi hizi nikazitafuta. Kuna duka Buffalo linauza vitu vilivyorudishwa." Akageuza sanduku kunionyesha lebo, anatabasamu. "Zilikuwapo nyingine zisizo na lebo. Nikaona hii ina namba 14. Nikasema, hii Baba ameipitisha, hii ni nzima."

Bi Nora alikuwa anazipanga, picha juu, safu kwa safu. Alisema jambo kwa Kiingereza, pole pole, akanionyesha kwa kidole. Elisabeth akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Anasema mti wake haumo. Mbele ya nyumba ya nyanyake kulikuwa na mti wa matunda madogo mekundu, wanauita rowani. Kitabuni upo, ni namba kumi na saba. Kwenye kadi haupo. Ameutafuta wiki nzima, anadhani ni macho yake."

Niliketi. Nilivaa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba niliziangalia picha zile, moja baada ya nyingine, nikilinganisha na orodha ya kitabu. Ya kwanza, mbetula. Ya saba, mwaloni. Ya kumi na sita, mti wa miiba. Halafu ya kumi na nane. Ya kumi na saba haikuwepo. Na mwaloni, namba saba, ulikuwapo tena chini ya safu ya mwisho, uleule, wenye tawi lilelile lililovunjika. Mialoni miwili. Jumla, thelathini na sita.

Bi Nora aliniuliza kama ni macho yake. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha shule kwamba macho yake ni mazima. Alifurahi sana, akanishika mkono, akaendelea kunishika wakati mimi nikiwaza habari ya wateja wale wote walioandika "hazijakamilika", mmoja akatia alama tatu za mshangao, na mimi nikawaita wasiojua kuhesabu.

Ijumaa, 29 Novemba

Theluji kutoka ziwani. Elisabeth anasema itafika kiunoni. Basi la kesho limefutwa.

Nimempigia Ruberwa nikamwomba afungue seti tatu zilizoko kwenye rafu, aziangalie upande wa picha. Alinipigia baada ya nusu saa. Mialoni miwili. Rowani hakuna. Zote tatu.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeazima kitabu cha Bi Nora nikakisoma chote, kutoka jalada hadi jalada, jambo ambalo sharti la tano la orodha lilinitaka nilifanye walau kwa kurasa kumi tangu Septemba.

Hukumu yangu: ni kitabu kibovu. Kuhusu kadi ya mwaloni kinasema una nguvu za kuanza, au pengine huu ni wakati wa kupumzika. Kuhusu mbetula kinasema mlango utafunguka, isipokuwa kama umefungwa. Sentensi inayosema jambo na kinyume chake ningeipigia mstari mwekundu hata kwa mtoto wa darasa la nne. Hakuna ulozi humu. Mlozi angekuwa na uhakika zaidi. Kuna mtu aliyelipwa kujaza kurasa, na mwingine kiwandani aliyeweka karatasi moja mara mbili na kuisahau nyingine.

Lakini maelezo ya miti yenyewe, mahali inapoota, ndege wanaokula matunda yake, hayo ni mazuri. Inaonekana aliyeyaandika ni mwingine.

Elisabeth aliniuliza nimenunia nini. Nilimweleza yote.

"Kwa hiyo Baba, wewe pia uliziogopa."

"Sikuziogopa. Nilitafuta njia ya haraka."

"Baba."

"Nini?"

"Ungekuwa unakagua sahani, ungezihesabu kwa migongo?"

Nilitoka nje kusukuma theluji, ingawa alikuwa ameshamwomba jirani mwenye mashine. Nilikumbuka maneno ya Nabintu, kwamba hakujificha. Yeye alisema hadharani hashiki. Mimi nilishika mia mbili, nikageuza uso, nikabandika namba yangu kwamba nimeona. Nikasifiwa kwa haraka. Nikampeleka yeye Columbus.

Jumatatu, 2 Desemba

Columbus. Basi la asubuhi lilinifikisha hapa saa nane mchana nikateremka, ingawa tiketi yangu ni ya Louisville. Dereva aliniambia begi langu litaendelea bila mimi. Nilimwambia begi halina kosa, liende.

Mkuu wa ubora ni Bwana Rutebuka, Mtanzania wa Bukoba. Tulikuwa tumeandikiana tu. Ni mtu nadhifu, mezani kwake kalamu zimelala kwa urefu.

"Shikamoo Mwalimu. Mbona umejichosha hivi? Ungepiga simu."

"Marahaba. Kosa hili halikufaa kusemwa kwa simu."

Nilimwekea mezani sanduku la Bi Nora, aliloniazima nimrudishie kwa posta, na kumweleza. Nilimwomba ahesabu kwa njia yangu. Alizilaza kifudifudi. Mafungu sita.

"Zimetimia," akasema.

"Sasa zigeuze."

Alizigeuza. Ilimchukua muda kuona, kama ilivyonichukua mimi. Kisha akachukua kalamu moja kwa namna ambayo niliifahamu. Ndivyo nilivyokuwa nikiichukua darasani kabla ya kutoa alama.

"Mwalimu, ulithibitisha ngapi?"

"Mia mbili na kumi na tisa."

"Na orodha inasema..."

"Orodha inasema hakikisha kadi zote zimo. Sikuhakikisha. Nilihesabu."

Aliuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandalia njiani jibu zuri kuhusu kasi ya kazi. Sikulitoa. Nilisema kwamba niliona kuangalia picha za ramli ni dhambi, nikaona aibu kukiri hivyo kazini, nikajiita mtu wa utaratibu.

"Na yule mama aliyesimamishwa?"

"Yule aliandika D. Ni D."

"Hakufungua hata moja, Mwalimu."

"Ni kweli. Naye alikosea, na sikuja kusema hakukosea. Nimekuja kusema kwamba mnamfukuza kwa ushahidi wa namba 14, na namba 14 haikuangalia."

Alisema atakuwapo kwenye kikao kwa skrini. Hakuahidi kitu. Nililala kwa Bagula, kaka yake Nabintu, anayefanya kazi katika ghala la hapa na kunijua kwa nyimbo za kanisa tu. Alinipa ugali na sombe ya majani ya muhogo, hakuniuliza nimekuja kufanya nini.

Alhamisi, 5 Desemba

Kikao. Chumba kidogo, hita inayogonga. Ruberwa, Nabintu, mimi. Bwana Rutebuka kwenye skrini. Nabintu alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na amekuja na mtoto wake mdogo, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia.

Kabla hatujaingia, Ruberwa alinivuta kando.

"Mwalimu, Columbus wamenieleza. Ukiyasema mle ndani yanaingia kwenye faili. Unajifukuza mwenyewe, unajua?"

"Ripoti ya kwanza niliiandika kwa tarehe na idadi. Hii nayo ina tarehe na idadi."

Nilisoma. Ukurasa mmoja. Nilisema kwamba Mama Nabintu aliandika D bila kufungua, na kwamba hilo ni kosa. Kwamba mimi niliandika A bila kuangalia, na kwamba ni kosa lilelile, isipokuwa langu lilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo likaaminika. Kwamba alisema wazi tangu siku ya kwanza kuwa hashiki, nami nilikuwa shahidi, na ripoti yangu ya Oktoba haikutaja jambo hilo hata kwa neno moja.

Nabintu alikuwa ananitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Mwalimu, wewe pia?" akasema mwishoni.

"Mimi pia, Mama."

"Migongo?"

"Migongo."

Akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka mtoto naye akacheka bila kujua sababu, na hata Bwana Rutebuka akaangalia pembeni ya skrini.

Uamuzi: Nabintu amepewa onyo la maandishi na anarudi Jumatatu. Barua yake ya kazi itaandikwa wiki ijayo. Mimi nimevuliwa ukaguzi wa pili. Namba 14 imefutwa. Kuanzia Jumatatu mimi ni mkaguzi wa kwanza, meza ileile.

Sitaki kuandika kwamba ninafurahi. Nimeipenda namba ile.

Jumanne, 10 Desemba

Barua ya Nabintu imetoka. Aliipeleka ofisi ya apatimenti wakati wa chakula cha mchana na kurudi amechelewa dakika nne. Mkataba umesainiwa kwa mwaka mmoja. Nilimwambia amechelewa dakika nne.

"Mwalimu, umerudi," akasema.

Alhamisi, 12 Desemba

Seti zimerudishwa kutoka Buffalo, zile ambazo hazijauzwa. Agizo la Columbus: zifunguliwe zote, kadi zigeuzwe juu, kasoro iandikwe kwa kila moja, ndipo ziharibiwe. Meza yetu. Seti mia moja na tisini na mbili.

Nabintu alisimama mbele ya rundo, mikono kiunoni.

"Donc, Mungu ananichekelea."

"Nitafungua mimi. Wewe andika."

Nilizipanga picha juu. Mwaloni, mwaloni, hakuna rowani. Aliandika huku ameangalia dari. Baada ya seti ya kumi aliniuliza kwa nini kila sanduku ninaenda moja kwa moja kutafuta namba kumi na saba, hata kabla ya mialoni. Nilimweleza habari ya Bi Nora na mti wa nyumbani kwa nyanyake. Nilisema labda kiwandani mahali pengine walikosea kinyume, ikapatikana seti moja yenye rowani mbili.

"Huyu bibi hatafute kesho?"

"Hapana. Anatafuta mti."

"Mti tu?"

"Mti tu."

Alifikiri. Akaenda kwenye kabati, akavaa glavu, akavaa nyingine juu yake. Akarudi, akavuta sanduku kwa vidole viwili, akalifungua akiwa amelitenga na mwili wake kadiri mkono ulivyofika.

"Kama ikinirukia, utasema kwa batoto bangu ni wewe."

Jumapili, 15 Desemba

Elisabeth amepiga simu. Bi Nora amechoka kusubiri nimpatie rowani. Amechukua mwaloni wa pili, akapaka matunda mekundu kwa rangi ya kucha, akaandika chini yake kwa kalamu jina la mti wake. Sasa anasema seti yake imetimia.

Kadi iliyoandikwa kwa kalamu ni daraja C. Sikumwambia Elisabeth.

Nilimwuliza kama amekula. Alisema amekula.

Ijumaa, 20 Desemba

Baridi kali, ghala lina ukungu wa pumzi. Leo tumefika mwisho wa rundo. Nabintu amebaki na glavu jozi moja. Bado haangalii majani ya mfuniko, lakini ameijua miti kumi na miwili kwa sura, na ananirekebisha ninapochanganya mbetula na mpopla.

Seti ya mia moja na tisini na mbili ilikuwa ya mwisho. Tulisimama wote wawili. Niliifungua, nikazipanga, safu sita, picha juu. Nabintu aliinama karibu kuliko nilivyowahi kumwona.

Mwaloni. Mwaloni. Kumi na sita, kumi na nane.

"Hauko," akasema.

"Haupo."

Akanisogezea skana, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu kuandika, akavua glavu, akazikunja.

"Haya, Mwalimu. Andika ile nilikuambiaka tangu mwezi wa kenda."

Niliziangalia kadi mara moja zaidi, zote, kwa mpangilio, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nikaandika D.